Fundi Gonga: Miaka Thelathini na Miwili Nyuma ya Ubao

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi alasiri, mkaguzi mkuu wa karakana yetu, anayejulikana kwa wote kama Fundi Gonga, atavua ovaroli kwa mara ya mwisho baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe. Afisa utumishi alikuwa ameandika kumi.

Mwandishi wa wasifu huu ni fundi mabomba wa karakana hii hii. Hakuteuliwa kuandika, aliomba. Alipewa faili la mstaafu alisome asije akakosea tarehe. Lilikuwa na kurasa mia moja na sita, na katika kurasa zote hizo kulikuwa na doa moja tu: barua ya onyo ya miaka kumi na moja iliyopita, kuhusu gari lililotoka hapa likiwa na hitilafu ya gesi. Barua hiyo kila mtu anaijua. Hata walioajiriwa mwaka huu wanaijua, maana imekuwa mzaha wa kila kikao cha kufunga mwaka. Mwandishi ana neno kuhusu ukurasa huo na atalisema. Kwanza kazi.

Wageni watakaosoma programu hii ya sherehe ya kumuaga huenda hawajui hasa tunachofanya. Tunakagua na kutengeneza magari-nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko, sinki na choo, ambayo mtu anaweza kusafiri nayo mwezi mzima bila kubisha hodi kwa mtu. Mteja anaona mapazia na godoro. Sisi tunashughulika na visivyoonekana: nyaya zinazopita ndani ya kuta, mabomba ya maji chini ya sakafu, na matundu ya hewa ambayo watu wengi hawajui kama yapo mpaka buibui ahamie humo. Ukuta wa gari la aina hii una unene wa vidole viwili, na ndani ya vidole hivyo viwili umeme, maji na gesi vinaishi kwa kuvumiliana, kama wake wenza. Kazi ya Fundi Gonga kwa miaka yote hii imekuwa kuhakikisha hawagombani.

Alijiunga nasi akiwa na miaka ishirini na minane, akitokea kwenye kibanda cha kutengeneza redio. Msimamizi wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimkabidhi gari lililonuka ukungu na kumwambia atafute maji yanatokea wapi. Mafundi watatu walikuwa wamekwisha kulifungua na kulifunga bila mafanikio. Yeye hakufungua kitu. Alizunguka ndani ya gari saa nzima akigonga kuta kwa kifundo cha kidole cha kati, sikio karibu na ubao, mdomo wazi kidogo. Kisha akachora kwa penseli duara la ukubwa wa sahani, akasema ni hapo. Ubao ulipotolewa walikuta bomba limetobolewa na skrubu ya kabati. Skrubu hiyo ilikuwa imefungwa na msimamizi mwenyewe. Siku hiyo mgeni alipata jina na, kwa bahati nzuri, hakupoteza kazi.

Miaka saba iliyopita karakana ilinunua kipima unyevu, kifaa kizuri chenye taa na namba. Fundi Gonga alikipokea kwa heshima. Hukitumia kila siku, baada ya kugonga, ili kuona kama kifaa ni kizima.

Ugonjwa huu wa kugonga haukubaki kazini. Mkewe, ambaye tunafurahi kuwa naye Ijumaa, amemweleza mwandishi kwamba nyumbani kwao hakuna kabati, friji wala mlango uliosalimika. Siku walipokwenda kutambulishwa kwa wakwe wa binti yao, wazee wamekaa, maneno matamu yanaendelea, mara baba wa binti akaonekana amesimama kwenye kona ya sebule akigonga ukuta. Akawaambia wakwe, kwa adabu zote, kwamba nyuma ya picha ya babu yao kuna maji. Mkewe anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Baada ya siku tisa rangi ya ukuta ilivimba na picha ya babu ikaanguka. Tangu hapo mkwe mwenziwe hanunui hata kitasa bila kumpigia simu.

Kazini alikuwa na subira ambayo sisi wengine hatukujaliwa. Mwalimu mmoja mstaafu alituletea gari akisema lina jini. Kila mkewe akifungua bomba la sinki, redio ilijiwasha yenyewe. Walikuwa wameshalifanyia maombi mara mbili, na redio ikajiwasha katikati ya maombi. Tulitoka nje mmoja mmoja kwenda kucheka. Fundi Gonga alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho bila hata kutabasamu, akauliza jini huwa anapenda stesheni gani, akaandika jibu. Kisha akafungua ubao wa nyuma ya sinki. Waya wa pampu ya maji na waya wa redio zilikuwa zimebanwa pamoja na skrubu moja ndefu kupita kiasi, ngozi za nyaya zimechubuka, na umeme unapita njia ya mkato. Akamwekea mwalimu ile skrubu kiganjani na kumwambia huyo ndiye jini wake, amweke mbali na watoto.

Lakini jambo ambalo litabaki hapa hata yeye akiondoka ni penseli. Kabla ya kufunga ubao wowote, Fundi Gonga huandika upande wa ndani, ule ambao hakuna mteja atakayeuona: tarehe, alichokikuta, alichokitengeneza, na kama kuna kitu ambacho hana uhakika nacho, hicho pia. Chini yake huandika maneno mawili: Nimeona. Fungeni. Bila maneno hayo hakuna anayeruhusiwa kushika bisibisi. Wapo waliodhani ni mbwembwe za mzee. Halafu gari linarudi baada ya miaka minane, unafungua ubao, unakuta mtu amekuachia maelezo yote kama aliyejua utakuja, na unaokoa nusu siku ya kazi. Kwake neno "nimeona" halina maana ya kuambiwa wala kukisia. Maana yake ni kwamba macho yake yalifika pale, pamoja na tochi.

Nyuma ya ubao wa kitanda kimoja tuliwahi kukuta ripoti ya shule, imekunjwa mara nne. Mwenye ripoti alikuwa wa thelathini na nane katika darasa la wanafunzi arobaini. Ilikuwa wazi kwamba imefichwa na mtoto wa mwenye gari, na imefichwa kitaalamu, maana skrubu zote zilikuwa zimerudishwa sawasawa. Tulibishana kama baba apewe. Fundi Gonga aliisoma, akaikunja tena mara nne, akairudisha ilipokuwa, akaandika kando yake: Nimeona. Fungeni. Tukafunga. Mtoto huyo sasa ni dereva wa lori, ana gari-nyumba lake mwenyewe na hataki liguswe na fundi mwingine. Ijumaa atakuwepo. Baba yake naye amealikwa, kwa hiyo tunamwomba mshereheshaji asiisome aya hii kwa sauti.

Sasa ule ukurasa wa faili.

Miaka kumi na moja iliyopita karakana iliajiri fundi mabomba mpya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, aliyekuwa ametengeneza mabomba ya majumbani kwa miaka tisa, na alijiona hana cha kufundishwa. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa majaribio ya miezi sita. Fundi huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Majumbani, tundu lililoachwa wazi kando ya bomba ni aibu ya fundi. Linaingiza mende, vumbi na maneno ya mwenye nyumba. Fundi anayejiheshimu huliziba na kulisawazisha kwa kidole mpaka lisijulikane lilikuwa wapi. Wiki hiyo lililetwa gari lenye jiko la gesi, na mtungi umewekwa katika kabati chini ya jiko. Sakafuni mwa kabati hilo mwandishi alikuta tundu la upana wa kikombe, limetobolewa moja kwa moja hadi nje. Ukichungulia unaona saruji ya karakana. Wavu wake ulikuwa umeng'oka zamani. Mwandishi akaona huo ni uzembe wa mtu. Hakuuliza. Akakata kipande cha bati chembamba, akaliziba tundu kwa silikoni juu na chini, akalainisha kingo, na akajisifu moyoni kwa jinsi lilivyopendeza.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka na kutuama chini kama maji. Lile tundu lilikuwa mlango wake wa kutokea. Ndiyo sababu katika kazi yetu haliguswi, hata mteja alalamike vumbi kiasi gani. Kila fundi hapa huelezwa hilo siku ya kwanza. Mwandishi pia alielezwa siku ya kwanza, kwenye karatasi ambayo aliitia saini bila kuisoma.

Gari lilikuwa la familia moja: mume, mke, watoto wao wawili, na mama mzazi wa mke. Walitaka kuondoka nalo kesho yake alfajiri. Alasiri ile Fundi Gonga alifanya ukaguzi wa mwisho. Alikagua nyaya, friji, tangi la maji na tundu la hewa la paani. Ilibaki kulala chali na kuingia chini ya gari. Mgongo ulikuwa ukimsumbua wiki nzima, na sisi sote tulimwona akitembea kama aliyemeza fimbo. Akamwuliza mwandishi kama huko chini na kabatini kuko sawa. Mwandishi akamjibu kwamba kote ni safi, amekwisha kumaliza mwenyewe. Fundi Gonga akaandika maneno yake mawili ndani ya kabati na kutia saini fomu.

Kesho yake alianza siku kama anavyoianza siku zote, kwa kukagua pipa la taka. Tabia hiyo tumeicheka sana. Kabla ya chai humimina taka za jana juu ya gazeti, akazipanga kwa aina, na hapo hujua nani kakata waya mrefu kuliko unaohitajika na nani kala mkate akiwa kazini. Kazi ya gari lile ilihitaji mirija miwili ya silikoni. Juu ya gazeti kulikuwa na mirija mitatu mitupu. Akamwuliza mwandishi wa tatu umetumika wapi. Mwandishi akamweleza, kwa fahari, habari ya lile tundu.

Fundi Gonga aliweka kikombe cha chai ambacho hakuwa amekionja juu ya benchi, akachukua tochi, bisibisi na ufunguo wa gari la karakana.

"Twende," alisema.

Familia ilikuwa imeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Simu ya mume ilikuwa haipatikani. Kwa bahati, wakati wa kukabidhiwa gari alikuwa amemwuliza Fundi Gonga mahali pa kujaza maji, naye akamwelekeza kwenye kiwanja cha kupiga kambi kando ya ziwa, mwendo wa saa nne. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua hiyo ndiyo iliyowatia hofu mafundi wawili waliokuwa barabarani, maana mvua ikinyesha watu hufunga madirisha na kupika ndani. Fundi Gonga hakulaumu wala hakuuliza kitu. Kila baada ya muda alimwambia mwandishi apige tena. Mwandishi alipiga simu ile mara thelathini na moja, na katika kila mlio wa kutopatikana aliwaona wale watoto wawili aliowapisha mlangoni siku moja kabla, wakipigania nani atalala kitanda cha juu.

Waliwakuta saa saba mchana. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Ndani, watoto walikuwa wanalia njaa, sufuria ya maji iko juu ya jiko, na mbele ya jiko mama mkwe amekaa juu ya kigoda, amekumbatia magoti, kiberiti kiko ndani ya ngumi yake. Kwa nusu saa nzima alikuwa amekataa kiwashwe. Alisema anasikia harufu. Mkwewe alimweleza kwa upole kwamba ni harufu ya rangi mpya, na akaomba kiberiti kwa heshima. Mama akamnyima kwa heshima vilevile. Mwanamume hamnyang'anyi mama mkwe kitu mkononi, na adabu hiyo ndiyo iliyowaweka hai kwa ile nusu saa.

Fundi Gonga alisimama mlangoni akitiririka maji ya mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetengeneza hili dude?"

"Ndiyo mimi."

"Basi njoo unuse."

Hakuwa na haja ya kunusa zaidi. Aliwaomba wote watoke nje, hata kama ni kwenye mvua, akapokea kiberiti kwa mikono miwili, akafunga mtungi, akafungua milango na madirisha, kisha akalala chali kwenye matope na mgongo wake ule ule, akaingia chini ya gari na kuitoboa kwa bisibisi kazi nzuri ya mwandishi. Kiungo kimoja cha mpira wa gesi kilikuwa kimelegea kwa mitikisiko ya barabara, nusu mzunguko tu. Gesi iliyotoka hapo kwa saa kadhaa haikuwa na pa kwenda. Kabati lilikuwa limejaa na sehemu ya sakafu pia, mpaka karibu na kigoda cha mama. Mwandishi amefika kwenye sentensi hii mara nyingi na hajui aandike nini baada yake. Walikuwa watu watano.

Baada ya saa moja ya kupitisha hewa, kiungo kimekazwa na kupimwa kwa povu la sabuni, mama mkwe aliwasha jiko mwenyewe. Kikombe cha kwanza cha chai alimpa Fundi Gonga, ambaye siku hiyo alikuwa hajanywa. Mume aliandika barua kali kwa uongozi wa karakana, na alikuwa na haki.

Kikao kiliitwa wiki iliyofuata. Kanuni ya karakana ilikuwa fupi: aliye katika majaribio akikosea kwenye gesi, anaondoka siku hiyo hiyo. Meneja wa wakati ule aliuliza ni nani aliyeliziba tundu. Mwandishi alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Fundi Gonga alikuwa amesimama.

"Saini ni yangu," alisema. "Sikutazama."

Meneja akauliza tena nani aliziba. Fundi Gonga akajibu kwamba fomu haina nafasi ya jina la aliyeziba, ina nafasi ya jina la aliyekagua, na jina hilo lipo. Mwandishi alikuwa ameacha wateja wake wote wa majumbani ili aje hapa, na hakuwa na pa kurudi. Akafunga mdomo. Hana maelezo mazuri zaidi ya hayo, ingawa ameyatafuta kwa miaka kumi na moja.

Nje, kwenye benchi la kubadilishia viatu, alimwambia Fundi Gonga kwamba atarudi ndani aseme kweli. Fundi Gonga alikuwa anafunga kamba za viatu, kazi ambayo kwa mgongo ule ilimchukua muda mrefu.

"Wewe hukujua," alimwambia. "Mimi nilijua, nikauliza badala ya kuinama nitazame. Nenda kasome ile karatasi."

Mwandishi alikwenda akaisoma karatasi. Kurudi ndani hakurudi.

Matokeo yake yanajulikana, ila sababu yake ilikuwa haijulikani. Nafasi ya mkaguzi mkuu, ambayo kila mtu alijua itakuwa yake mwisho wa mwaka ule, ilipewa mtu kutoka nje, mtu mwema ambaye kwa miaka sita alikuwa akimwuliza Fundi Gonga kila kitu. Fundi Gonga mwenyewe aliipata baadaye, akiwa na miaka hamsini na mitano. Na kila kikao cha kufunga mwaka, vinywaji vikishapita, lazima mmoja wetu ainuke na kusimulia habari ya Gonga aliyesahau kugonga. Ukumbi hucheka. Yeye hutabasamu na kuangalia dari kama anayetafuta mahali panapovuja. Mwandishi naye alikuwa anacheka na wenzake, mwaka baada ya mwaka. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo linalomwaibisha kuliko yote.

Ni yeye Fundi Gonga aliyeanzisha, mwezi mmoja baada ya kikao kile, ule mduara mwekundu unaopakwa kuzunguka kila tundu la hewa la sakafuni, ili hata mgeni wa kazi aone kwamba hapo hapazibwi. Mduara wa kwanza alimpa mwandishi aupake. Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka hapa likiwa limezibwa tundu, na mafundi kumi na wanne aliowafundisha wameipeleka desturi hiyo katika karakana nyingine.

Miezi mitatu iliyopita gari lile lilirudi kubadilishwa jiko. Mama mkwe bado yupo, ana miaka themanini na mitatu, na alituma salamu kwa "yule wa kunusa". Mwandishi aliomba kulifungua peke yake. Ndani ya kabati, upande usioonekana, yalikuwepo yale maneno mawili ya alasiri ile, yamekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake, kwa tarehe ya siku iliyofuata, palikuwa pameandikwa kwa penseli: Tundu lilizibwa. Limefunguliwa. Niliandika nimeona kabla ya kuona. Kosa langu. Kisha yale maneno mawili upya. Hapakuwa na jina la mtu mwingine popote. Hata mahali ambapo hakuna ambaye angesoma, hakumtaja mwandishi.

Mwandishi alikaa sakafuni mwa gari lile mpaka saa ya chai ikapita. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kwa meneja wa sasa na kueleza yote. Maelezo yake yameandikwa, yamesainiwa na kuwekwa kwenye faili la Fundi Gonga juu ya ile barua. Kwa hiyo faili lilikuwa na kurasa mia moja na sita, na sasa lina mia moja na saba. Mwandishi naye amepata barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake, na ameihifadhi vizuri. Anawaomba wenzake, kuanzia mwaka huu, mzaha ule ubadilishiwe mhusika. Yuko tayari.

Kwa desturi yetu, mstaafu hupewa wasifu wake ausome kabla haujachapwa, asije akakuta ameongezewa watoto. Jumatatu mwandishi alimwachia Fundi Gonga karatasi hizi kwenye benchi lake, akaondoka haraka. Alikaa nazo siku mbili. Siku zote hizo mbili alimsalimia mwandishi kama kawaida na kumwomba koleo kama kawaida, na mwandishi hakulala vizuri.

Alhamisi asubuhi karatasi zilikuwa juu ya kisanduku cha vifaa cha mwandishi. Neno "hodari" lilikuwepo mara tano na amelifuta mara zote tano. Kwenye habari ya wakwe mwandishi alikuwa ameandika wiki mbili. Amesahihisha kuwa siku tisa. Kwenye sentensi ya idadi ya magari aliyoyakagua ameandika kwamba idadi hiyo hakuna aliyeihesabu, kwa hiyo imetolewa. Kwenye ukurasa wa tundu, kikao na benchi hakukuwa na alama yoyote. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichoongezwa. Mwandishi aliusoma ukurasa huo wote tena akitafuta hata nukta.

Kisha akakumbuka amefanya kazi na nani, akageuza karatasi upande wa nyuma. Palikuwa na tarehe, na chini ya tarehe, kwa penseli: Nimeona. Fungeni.

Tumefunga, fundi. Tunakushukuru kwa kuta zote ulizozisikiliza na kwa watu waliolala ndani yake salama bila kujua jina lako. Mgongo upumzike, chai yako uinywe ikiwa bado moto, na mkeo akuvumilie unapogonga makabati. Miaka iliyo mbele yako iwe ya mema matupu.